Mwokota Mipira

Kwa miaka tisa Ndeshi alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa huko Ulaya, na kwa miaka hiyo tisa mama yake hakutazama mchezo wake hata mmoja. Si uwanjani, si kwenye simu. Melania alikuwa na jibu moja, na alilitoa huku akimenya vitunguu, bila kuinua macho: "Nipoteze siku yangu ya ofu kumtazama mtu mzima akikimbia na kaptula?"

Mara moja tu, mwanzoni kabisa, alimwuliza binti yake kazi yake uwanjani hasa ni ipi. Ndeshi, ambaye huinama kila anapopita mlangoni, akaeleza kwamba yeye husimama chini ya goli. Watu wakirusha mpira ukakosa, anaurukia na kuudaka kabla ya adui.

"Kumbe unaokota mipira," Melania alisema. "Nimekusomesha ukaokote mipira."

Tangu siku hiyo, watu wa Irving, kitongoji cha Dallas alikoishi, wakimwuliza binti yuko wapi, alijibu, "Yuko Poland, anaokota mipira." Poland ikawa Romania, Romania ikawa Uturuki, jibu likabaki lile lile.

Sasa Ndeshi alikuwa na miaka thelathini na mbili na goti la kushoto lililoanza kumjibu vibaya. Jumanne angesafiri kwenda Hungaria kucheza msimu mmoja, na daktari alishamwambia baada ya huo asitafute mwingine. Kabla kazi hiyo haijaisha alitaka kitu kimoja: mama amwone akicheza, hata mara moja. Hakumwambia mtu. Mtu mzima kutaka jambo kama hilo ni aibu.

Ndipo akaja Severin.

Severin alikuwa mwenyekiti wa michezo wa Watanzania wa Dallas, cheo alichokigombea peke yake akashinda kwa shida. Hajawahi kukimbia ila kuwahi nyama choma. Kila Julai wanawake wa Dallas hucheza netiboli na wanawake wa Houston, na kwa miaka minne Dallas walikuwa wakirudi nyumbani kimya. Mwaka huu Severin alikuwa ametangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba analeta mchezaji wa kulipwa kutoka Ulaya. Alitangaza kwanza, kumwuliza mchezaji kukafuata.

"Anko, ile ni netiboli," Ndeshi alimwambia sebuleni. "Mimi nacheza basketi. Nimeondoka Moshi nina miaka saba, netiboli siijui."

"Mpira ni mpira, goli ni goli," Severin alisema, mdomo umejaa sambusa. "Tena lenu lina ubao nyuma, unawazuia. Letu halina ubao. Kwako itakuwa kama kumsukuma mlevi."

Ndeshi alimtazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mtu aliyedhani ubao uliwekwa pale ili kuzuia. Alikuwa anafungua kinywa akatae, sauti ya mama ikatoka jikoni: "Huko Houston mimi nakwenda. Mwaka huu chakula wamenipa mimi."

"Nitacheza," Ndeshi akasema.

Na kwani kulikuwa na nini cha kuogopa? Alijiambia netiboli ni mchezo wa watoto wa shule, watu wanasimama na kupeana mpira kama wanagawana uji. Yeye alikuwa ametwangana mabega na majitu ya Kiserbia.

Jumamosi wakateremka kwenda Houston, saa nne za barabara, sufuria la ndizi nyama limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa. Ukumbi, huko Stafford pembeni ya Houston, ulikuwa wa kukodi. Magoli ya kikapu yalikuwepo pande zote mbili, yana ubao na nyavu mpya, na mbele ya kila moja watu wa Houston walikuwa wamesimamisha mlingoti wao wa netiboli, mwembamba kama mtu aliyetoka kuugua.

Severin alimvisha Ndeshi kizibao chenye herufi C. "Wewe kaa katikati, picha zitoke vizuri."

Ndeshi hakujua, na mwenyekiti wa michezo hakujua vilevile, kwamba mwenye C haruhusiwi kukanyaga nusu duara iliyo chini ya goli. Napo ndipo mahali pekee uwanjani ambapo Ndeshi alikuwa na kazi.

Melania alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. "Haya," alisema. "Nimekuja."

Filimbi ilikuwa kwa Dorothea, mwalimu mstaafu, ambaye inaonekana alikuwa ameitunza miaka thelathini akiisubiri siku hiyo. Ndeshi alidaka mpira wa kwanza, akaudunda mara tatu. Filimbi. "Kudunda!" Alidaka wa pili, akapiga hatua. Filimbi. "Hatua!" Akaufuata wa tatu hadi chini ya goli. "We mrefu, toka humo! Huna ruhusa!" Wa nne aliurukia kwa bega, kama alivyozoea, akampiga kikumbo mwanamke wa Houston aitwaye Mwatime.

"Simama pembeni yake," Dorothea aliamuru. "Usiguse kitu mpaka aurushe."

Ndeshi akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi. Mwatime alikuwa Mzanzibari wa miaka hamsini na mbili, mtandio umebanwa pini tatu, sketi hadi vifundoni. Hakukimbia. Mpira ulimfuata aliposimama, akautuma unakotakiwa kwenda, basi.

"Mpira si ngoma, mwanangu, usiupige," alimwambia. "Na huko Ulaya wanakulipa kwa haya?"

"Wanalipa."

"Mashallah. Nami niombee kazi."

Watazamaji wakaangua kicheko. Severin, aliyekuwa akirekodi tangu mwanzo, alishusha simu polepole. Kufikia mapumziko, Houston kumi na saba, Dallas sita, alikuwa anawaeleza majirani kwamba yeye binafsi alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Akamvua Ndeshi kizibao. "Pumzika, nyota wetu," alisema, bila kumtazama.

Ndeshi alikaa kando ya mama yake mpaka mchezo ukaisha. Dallas walifungwa kwa aibu kubwa kuliko miaka yote minne. Watu wakakimbilia meza ya chakula, Severin mbele.

"Kwa hiyo hicho ndicho ulichokuwa unafanya miaka tisa," Melania alisema.

"Hapana, Mama. Ule si mchezo wangu."

"Najua si wako. Mimi nimecheza netiboli chuo cha ualimu. Ulipodunda tu nikajua hata sheria hukuuliza. Umeudharau mchezo wa watu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulimwuliza Severin." Alilitamka jina hilo kama anatema kokwa.

Ndeshi akawaza: miaka tisa imepita, na mara moja aliyoitamani imeishia hapo. Melania alisimama, akakung'uta kitenge, akatazama juu ya mlingoti wa netiboli, kwenye ubao.

"Na wako ndio ule?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe. Haraka, chakula kinapoa."

Ndeshi alileta mpira wake kutoka garini, akausogeza mlingoti kando. Kisha akasimama, akaona haya. "Peke yangu siwezi, Mama. Lazima mtu arushe. Halafu akose."

"Akose?"

"Akose."

Melania akaweka mkoba chini na kurusha kwa mikono miwili kutoka kifuani. Mpira ukagonga chuma ukaruka kulia. Ndeshi alikuwa ameshafika kulia, yuko hewani, mikono imeufunga kabla haujaanza kushuka. Akaurudisha. Melania akarusha tena, ukapiga ubao, ukaenda kushoto. Ndeshi alikuwa kushoto.

"Umejuaje utaangukia huko?"

"Nimeona ulivyorusha."

Melania alifikiri. "Na kwa hili wanakulipa."

"Ndiyo, Mama."

"Wazungu!" alisema, kwa dharau yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo nyingi.

Kutoka mezani Severin aliita, sahani mkononi: "Mama Ndeshi! Upawa uko wapi?"

"Chota kwa mkono, mwenyekiti! Chakula ni chakula!"

Akavua viatu, akakaza kitenge kiunoni, akamnyooshea binti yake mikono.

"Lete," alisema. "Safari hii nakosa vibaya zaidi."