Sindano ya Bi Mwanakheir

Mwaka 2006 nilikuwa nimerudi kisiwani kwetu, Malindi, kutoka kwenye meli, nakaa kwa dada yangu, Mwanakheir. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imemrudia. Mara ya kwanza alipelekwa Dar akapigwa mionzi, ngozi ya tumbo ikababuka kama kamwagiwa uji wa moto. Akaapa: "Kuungua tena, siungui. Bora nife na ngozi yangu."

Akaja Sami, wakala wa hospitali moja ya China. Kanzu imepigwa pasi, manukato yametangulia kuingia. Mimi watu wa kunukia sana nshawaona bandari nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karatasi gani hiyo?"

"Ya idhini. Kwanza watauchoma uvimbe. Halafu watamtoa damu, wachague chembe zinazopigana na maradhi, wazikuze maabara wiki mbili, wamrudishie nyingi zaidi."

"Itoke kidogo irudi nyingi? Hiyo damu au hamira?"

Dada akacheka. "Kaka, mwache. Kuchomwa nshazoea. Sindano za klorokwini zishanitoboa makalio yote mawili." Akatoa dole gumba apakwe wino.

Sami akafungua kidau cha wino upesi. Hakucheka na sisi. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi.

"Ngoja. Kuchoma kwa sindano?"

"Naam, kwa sindano."

"Ya dawa?"

Akaangalia kifuniko cha kidau. "Ni ndefu. Inaingia mpaka kwenye uvimbe wenyewe."

"Nakuuliza, ina dawa?"

"Ncha yake inapata moto, mzee. Uvimbe unaungua, basi. Atalazwa usingizi, hatasikia."

Dada akaurudisha mkono ndani ya kanga.

"Ulijua kama nimeapa?"

"Niliambiwa, Bi Mwanakheir."

"Ndiyo ukanichagulia neno."

"Kuchoma ni kuchoma, bibi. Sikusema uongo."

"Kinywa hicho, mwanangu, unaweza kuwauzia watu wa Nungwi mchanga wa pwani yao wenyewe. Na hizo chembe, nazo zina neno jengine?"

"Bado wanazijaribu. Wapo waliopata nafuu. Wapo ambao hawakupata kitu."

Nikainuka kumwonyesha mlango.

"Kaa kitako, kaka. Anayeumwa mimi."

Ikaadhiniwa alasiri. Kisha dada akamwambia Sami: "Kata hilo kuchoma, andika kuunguza. Na chembe, andika zinajaribiwa. Dar waliniunguza bila ya kunambia. Safari hii nshaambiwa, ntakwenda."

Sami akakata, akaandika. Karatasi nikaichukua mimi. Kusoma nimefundishwa na mabaharia, leo huyu, kesho yule, kwa hiyo nakwenda herufi moja moja. Naye ananisubiri, jasho linamtoka. Dada akapiga dole. Nikaigeuza nione nyuma kuna nini. Hapakuwa na kitu. Hata hivyo nikamwambia aandike nyengine kama ile, ibaki kwetu, na nikakaa karibu yake mpaka akamaliza.