Migongo ya Wamama wa Karuba

Euphrasie alirudi Karuba, kijiji chao cha milimani mashariki mwa Kongo, akiwa na goti jipya la chuma na amri ya daktari kwamba asicheze mpaka mwaka uishe. Mtu mwingine angeiita likizo. Yeye aliyekula na kuvaa kwa kucheza tangu ujana aliona ni kama ameambiwa akae mwaka mzima bila kusema.

Alizaliwa hapo hapo, kwenye nyumba ya wakulima wa maharagwe. Kaka yake mkubwa, Léonard, ndiye aliyembebea sanduku mpaka mji wa Sake siku alipoondoka kwenda Ubelgiji kusomea uuguzi. Familia nzima ilimngoja arudi na koti jeupe. Lakini kule Bruxelles, jioni moja ya mvua, alipita mbele ya ukumbi akasikia ngoma, akaingia kuuliza tu ni nini. Mwalimu alikuwa mama wa Haiti, Joséphine-Marie, mfupi, mkali wa sauti. Alifundisha ngoma za watu weusi ambao mababu zao walipelekwa utumwani ng'ambo ya bahari: za Haiti, za Cuba, za Brazil. Alimtazama mgeni wake aliyesimama mlangoni na koti lililolowa, akamwambia, "Vua viatu."

Uuguzi ukaishia hapo. Euphrasie akacheza, kisha akaanza kutunga ngoma zake mwenyewe, na Joséphine-Marie alipozeeka akamwachia darasa. Kazi hiyo ilimfikisha katika miji ambayo hakuwahi kuisikia shuleni. Léonard alipopata habari alijibu neno moja kwenye simu: "Sawa." Tangu siku hiyo waliongea juu ya ng'ombe, mvua, vita, wagonjwa na waliofariki. Juu ya kucheza, hata siku moja.

Sasa alikaa kwenye baraza ya kaka yake, mguu juu ya kigoda, akila viazi na fromaji, ile jibini ya huko, na kuhesabu mawingu. Ndipo wamama wa kanisa walipokuja. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Valérie, muuza mihogo aliyeshuka Sake kila siku ya soko.

"Mama Euphrasie, tunasikia unafundishaka wazungu kucheza. Juu ya nini sisi unatukatala?"

"Sijawakatala. Hamujaniuliza."

"Bon, leo tunakuuliza. Sikukuu ya mavuno iko karibu, na kila mwaka tunazungukaka tu kama kuku."

Walikutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Hapo Euphrasie alipata shida ambayo hakuitazamia. Maisha yake yote alifundisha kwa mwili: nitazame, fanya. Leo alikuwa na kiti na mdomo tu. Alichagua ngoma ya Haiti aliyoipenda kuliko zote, ambayo magoti yanakunjwa kidogo na mgongo unapanda na kushuka kama maji ya ziwa. Alieleza kwa maneno mazuri. Wamama walisimama wima kama mikaratusi.

"Mulegeze mugongo," alisema.

"Inalegezwaka namna gani?" Valérie aliuliza. "Mugongo yangu iko ya kubeba, haiko ya kucheza."

Wote walicheka. Euphrasie hakucheka. Aliwatazama nyuso, akaona kwenye kila paji la uso ule mstari unaoachwa na kamba inayoshikilia mzigo wa mgongoni. Mama yake mzazi alizikwa na mstari huo. Aliona haya kidogo kwamba alikuwa akiwaambia wanawake hawa habari za maji ya ziwa.

"Basi," alisema, "kila muntu abebe muzigo yake ya leo asubui. Kuni, maharagwe, mutoto, ile unajua."

Wakainama, na hakuna aliyehitaji kufundishwa.

"Sasa umefika ku nyumba. Shusha. Pole pole, usitupe."

Migongo ilinyooka, mfupa baada ya mfupa. Mmoja aliguna kwa raha kana kwamba mzigo ulikuwa wa kweli.

"Beba tena. Shusha tena. Bila kusimama katikati."

Walibeba na kushusha, na mpiga ngoma wa kwaya akawafuata, mpaka wimbi likaanza kupita ukumbini. Kwa Valérie lilianzia kiunoni likafika shingoni bila kukatika popote. Euphrasie aliinama mbele kitini ili aone vizuri. Katika miaka yake yote ya kufundisha alikuwa ameona mgongo wa namna hiyo mara chache sana.

Habari zikatembea kijijini, na Jumamosi iliyofuata Mchungaji Esdras akasimama mlangoni.

"Mama, banasema hizi ngoma ziko za mashetani."

Euphrasie hakutaka kumdanganya. "Pasta, zingine zilikuwa maombi ya bale bantu. Walitolewa kwao na minyororo, wakakatazwa hata luga yao. Mimi sifundishe maombi yao. Ninafundisha namna mwili yao ilikatala kuvunjika."

Mchungaji aliingia ndani. Yeye pia alikuwa amekimbia vita na waumini wake, akalala nao chini ya mahema karibu na Goma.

"Kule kambini," alisema, "nyuma ya chakula, kitu ya kwanza batu waliniomba ilikuwa ngoma ya kwaya. Nilishangaa sana." Akavuta benchi. "Minataka kuona."

Aliona mpaka mwisho. Aliomba jambo moja tu, wamama waimbe wimbo wa mavuno wa kanisa, na Euphrasie akakubali kwa furaha, maana wimbo ule ulikaa juu ya ngoma vizuri kuliko alivyotarajia.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Léonard alikuja na koti lake la harusi, akaketi karibu na dada yake. Wamama waliingia na vitenge vipya. Walipofika katikati ya ngoma, mvua ikaangukia mabati. Si mvua ya mchezo. Ngoma haikusikika tena, wala wimbo. Safu ya nyuma ikapoteza mwendo. Euphrasie alishika kiti ili ainuke.

"Kaa," Léonard alimwambia sikioni. "Uwaache."

Mbele, Valérie hakugeuka. Alikanyaga chini, akaachia wimbi lipande polepole, kubwa kuliko siku zote, ili kila aliye nyuma alione. Wengine wakasoma mgongo wake. Mmoja akalidaka, kisha wawili, kisha wote, na ndani ya ule mshindo wa mvua kikundi kizima kikatembea pamoja bila kusikia chochote. Watu walisimama. Euphrasie, ambaye kila mara alikuwa upande wa jukwaa, si wa watazamaji, aliketi akitazama kazi yake ikienda pasipo yeye, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Mvua ilipopungua, Léonard alikuwa bado anatazama mbele.

"Njo hii kazi ulikuwa unafanya, miaka yote?"

"Njo hii, kaka."

Aliwaonyesha wamama kwa kidevu. "Kumbe haiko muchezo. Hawa wamechoka kuliko bantu ya kulima." Kisha akamshika mkono, akamsaidia kwenda kuwasalimu wachezaji.

Wiki ile Euphrasie alimpigia simu Astrid, mwanafunzi wake aliyekuwa akimshikia darasa Bruxelles, akamwambia alichukue liwe lake. Astrid alilia, kisha akauliza kama angeweza kubadilisha saa za Jumatano.

Siku hizi Valérie anafundisha ngoma hizo Sake, kwenye depo, ghala la zamani la mihogo, baada ya soko kufungwa. Wasichana wanatoka hata kijiji cha Shasha, mbali kando ya ziwa. Euphrasie hushuka kwa pikipiki, hukaa kwenye kiti chake na kukosoa. Juzi walibishana.

"Mama, hapa Sake batu wanapendaka mbio," Valérie alisema. "Hii yako inalala."

"Hiyo ngoma haikimbizwe."

"Uone kwanza."

Wakaonyesha. Euphrasie aliinamisha kichwa, akatazama miguu, akatazama mabega, akajaribu kutafuta kosa.

"Mkono wa kushoto iko chini sana," alisema mwishowe. "Hiyo mbio, iache vile iko."

Mpiga ngoma akaanza tena.