Siku ya Kumtengeneza Bwana Pasi

Germain alimkuta Evariste kwenye stesheni ya Likasi, amechuchumaa kando ya reli, anampepea binti yake kwa kipande cha katoni. Ilikuwa mwanzo wa mwaka 1993, kusini mwa Zaire. Watu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa majumbani na makazini, walikuwa wamejaa pale tangu mvua za kwanza. Walilala chini ya mabati na mifuko iliyoshonwa, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo wengi hawakuwahi kupaona. Evariste mwenyewe alizaliwa Likasi, mtaa wa Kikula.

"Mama Madeleine anakuita," Germain akasema, hata salamu hakutoa. "Bwana Pasi haitembei tena, mashine imekufa."

Bwana Pasi alikuwa roboti wa bati, mwenye kimo cha mtoto wa shule, aliyeletwa zamani kutoka Ulaya kutangaza pasi za umeme. Alisimama nyuma ya kioo cha duka la Mama Madeleine, kwenye barabara kubwa ya mjini. Alinyanyua pasi, akaipitisha juu ya kitambaa, akageuza kichwa kuangalia wapita njia, macho yake yakiwaka kijani. Mafundi wa viwandani wakitoka kazini walisimama kumtazama, na wake zao waliingia kuuliza bei. Kwa miaka mingi Evariste ndiye aliyemtia mafuta, aliyemlehemu nyaya, aliyembadilishia mikanda.

Fujo zilipoanza, Mama Madeleine alimficha Evariste na familia yake katika stoo ya duka. Evariste alimshukuru karibu kwa kupiga magoti. Mama huyo alimwomba jambo moja tu: amfundishe Germain, muuzaji wake, kumfungua roboti na kumfunga. Evariste akafundisha bila kuficha kitu. Siku Germain alipoweza kufanya kazi yote peke yake, Mama Madeleine akafungua mlango wa nyuma.

"Batachoma duka yangu juu ya weye, Evariste," alisema. "Kwenda ku gare ya treni na benzako. Kwenda sasa, bale vijana ba fimbo bangali banakula, habatakuona."

Na sasa alikuwa anamwita tena.

"Usiende," Georgette, mke wake, akasema. Alikuwa amempakata Mwadi, mtoto wao wa pekee, ambaye homa ilikuwa imemkausha midomo. "Na kama treni inakuya?"

"Kila siku banasema inakuya."

"Mama iko na kinini," Germain akaingilia. "Dawa ya malaria, ya kweli. Alisema atakupa. Na unga."

Evariste alimshika mtoto shingoni, akauhisi ule moto. "Nitarudi mbele ya jua kupanda sana," akamwambia mkewe. Georgette akachukua ile katoni, akaanza kupepea yeye.

Walipita njia za nyuma, Germain akitangulia. Dukani Mama Madeleine alikuwa ameketi kwenye kaunta, kitenge kipya kiunoni, anakunywa chai.

"Ee, Evariste, umekonda!" akacheka. "Fanya mbio. Mutu mumoja wa Lubumbashi anakuya leo kumuona. Akitembea, atamununua."

Evariste akafungua mgongo wa roboti. Gurudumu dogo la shaba, lile linalobeba mkono wa pasi, lilikuwa limekatika meno, na ekseli yake imepinda.

"Ulimupiga?" akamuuliza Germain.

"Kidogo tu. Na nyundo."

Haikuwa kazi ya haraka kama alivyodhani. Akamgeukia Mama Madeleine. "Mama, naomba unipe dawa kwanza. Germain amupelekee Georgette, minye nibaki hapa nikifanya kazi."

"Kwanza kazi. Ukipata dawa utakimbia, nakujua."

"Mutoto atakufa, Mama."

"Basi changamuka."

Aliomba shaba, akapewa kufuli kuukuu. Akaikata, akaanza kuchonga meno kwa tupa, moja baada ya jingine, akiyapima kwa jicho. Jasho lilimwingia machoni. Germain akatumwa kwenda kumlaki mgeni, na Mama Madeleine akafunga mlango nyuma yake kwa ufunguo. Gurudumu lilipokaa mahali pake na skrubu ya mwisho ikakazwa, Evariste akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena.

"Bamekata umeme," Mama Madeleine akasema. "Labda ni ile mitambo ya umeme ya Mwadingusha kule. Tutangoja."

Ndipo treni ikapiga honi upande wa stesheni.

Evariste akasimama. "Mama, treni imefika. Ametengenezeka, ninakuapia. Fungua mulango."

"Hakuna mutu anayenunua kiapo." Ufunguo alikuwa ameuingiza kifuani. "Na weye, ukitoka peke yako, utafika wapi? Angalia inje."

Nje, vijana watano sita, wa wale waliowafukuza Wakasai, walikuwa wameketi kwenye ukingo wa barabara na fimbo zao. Evariste alibaki katikati ya duka, mikono imejaa mafuta, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Honi ililia tena. Alijaribu kumwona Georgette akilini, amekaa palepale, amekataa kupanda bila yeye. Akashikilia wazo hilo.

Germain akarudi na mgeni, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi. Na kama kwa dhihaka, taa ikawaka. Bwana Pasi akatetemeka, akanyanyua mkono, akapitisha pasi juu ya kitambaa, akageuza kichwa. Vijana wa nje wakainuka, wakaja kubandika nyuso kwenye kioo. Mmoja akamwona Evariste nyuma ya roboti, akagonga kioo kwa fimbo.

"Kilulu iko mule!" akapiga kelele. Kilulu ni mdudu, na siku zile ndilo lilikuwa jina la kila Mkasai. "Naye atembee! Apige pasi kama ule wa bati!"

Mgeni akacheka. Mama Madeleine akasogea karibu na Evariste. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani yake vidonge viligongana.

"Simama pale pembeni yake," akamwambia polepole. "Fanya tu vile anafanya, bacheke, baende. Bakivunja kioo changu, hii dawa sahau."

Evariste akapanda kwenye dirisha. Akanyanyua mkono. Akaupitisha hewani. Akageuza kichwa kuwaangalia. Vijana wakapiga makofi, wakaita wenzao. Akanyanyua tena. Mbali, treni ikatoa honi ndefu, kisha nyingine iliyosikika hafifu, na Evariste akaendelea kupiga pasi hewa, machozi yakimshuka hadi kidevuni, kwa kuwa ile karatasi ilikuwa bado mkononi mwa yule mama.

"Na huyu anauzwa pamoja?" mgeni akauliza.

Mama Madeleine alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Huyu ni bure, Patron. Beba tu."

Vijana walipochoka kucheka wakatawanyika, na Mama Madeleine akamtoa Evariste kwa mlango wa nyuma. Aliporudi stesheni na vidonge mfukoni na kifuko cha unga, mahali pao palikuwa na familia nyingine. Mathilde, bibi kizee aliyekuwa jirani yao, alimsimulia. Askari waliwasukuma watu wa upande ule ndani ya mabehewa mpaka yakajaa. Georgette aling'ang'ania nguzo. Wakamnyang'anya mtoto, wakamrusha behewani. Ndipo naye akaruka ndani.

"Alikuita, Evariste. Alikuita mupaka sauti ikaisha."

Evariste alikimbia juu ya reli mpaka pumzi zikamkata, kisha akarudi. Unga alimpa Mathilde. Lakini siku mjukuu wa Mathilde alipoanza kutetemeka kwa homa, na bibi akaja kuomba kidonge kimoja, kimoja tu, Evariste alikaza mkono juu ya mfuko.

"Hizi ni za Mwadi."

Mtoto yule walimzika nyuma ya stesheni, na Mathilde hakumsemesha Evariste tena.

Alipata treni baada ya majuma mengi. Huko Mwene-Ditu, mji wa Kasai, alimkuta Georgette mbele ya nyumba ya shangazi yake, anamenya mihogo ya kuuza. Alikuwa peke yake. Evariste akajua kabla hajauliza.

"Mbele ya kufika Kamina," Georgette akasema, kisu bado kinafanya kazi. "Treni ilisimama porini. Askari ndio bameshusha mwili yake. Minye bamenikataza kushuka, ati treni itaniacha."

"Ni wapi? Kuko mulima? Kuko mto?"

"Kulikuwa majani."

Evariste akakaa chini kando yake. Alitaka kumwambia juu ya duka, kioo na wale vijana. Lakini Georgette akamsogezea kisu cha pili na rundo la mihogo.

"Menya," akasema. "Wateja banakuya sasa hivi."