Mstari Mmoja, Jina Lisomeke

"Sema baada yangu," karani alisema. "Mimi siye baba mzazi wa mtoto huyu."

"Mtoto yupi?" kinyozi akauliza. "Huyu mwenye ndevu?"

Karani hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi, na mbele yake lilikuwa wazi daftari la vizazi, kubwa kama mlango wa kabati. Alingoja tu, kalamu mkononi, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kinyozi akavua kofia. Akamtazama mpwa wake aliyekaa kwenye benchi, magoti juu kwa urefu wa miguu, kisha akageukia ukuta. "Mimi siye baba mzazi wa mtoto huyu," alisema haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwenye fomu, akarudi kukaa. Benchi likalia chini yake.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na minane. Alicheza kiungo, kazi iliyomlisha tangu alipomaliza shule, na uwanjani walimwita Shingo. Kabla mpira haujamfikia, atatazama bega la kulia, atatazama la kushoto, kisha la kulia tena, ajue nani yuko wapi. Mpira ukimgusa mguu anakuwa ameshajua unakwenda kwa nani. Wengine hupokea mpira ndipo wafikiri. Yeye alikwisha fikiri zamani, wasiwasi ukiwa umemtangulia mbio.

Leo shingo ile ilikuwa na kazi moja tu, kutazama mlango. Baba yake alikuwa hajafika.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ofisa wa timu ya taifa, ile ya ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameandika neno moja: "Karatasi?" Ujumbe wa saa tatu ulikuwa na alama moja ya kuuliza. Wa saa tano ulikuwa na mbili. Huu wa saa saba ulikuwa nazo tano, zimejipanga kama ndoano.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Nchi ya baba yake ilikuwa imemwita akaichezee. Orodha ya wachezaji ilikuwa inafungwa leo saa kumi jioni, na ikishafungwa haiongezwi mtu. Walitaka cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba baba yake ni mtu wa kwao. Sasa cheti cha Shingo kilisema baba yake ni kinyozi. Na kinyozi alikuwa kaka wa mama yake, tumbo moja, titi moja.

Ilikuwa hivi. Mama alipokuja kumwandikisha, kwenye meza hii hii, karani wa wakati ule aliuliza, "Baba wa mtoto?" Mama akanyamaza. Baba alikuwa amesharudi kwao, hana anwani. Mama hakuogopa watu, aliogopa nafasi tupu. Akilini alimwona mwanawe darasani, mwalimu anasoma majina, anafika kwake na kusita, na watoto wote wanageuka. Kaka yake, ambaye alimsindikiza tu amshikie mwavuli, akasema, "Niandike mimi." Akaandikwa. Wakarudi nyumbani wakicheka njia nzima, kama watoto walioiba sukari na wasionekane. Hawakujua kwamba wino wa serikali haulambiki ukaisha.

Mama alifariki mwaka juzi. Wakabaki wanaume wawili wa kuisema kweli ile, na ofisi iliwataka wote wawili, mmoja akane na mmoja akiri. Wa kukana alikuwa ameshamaliza kazi yake.

"Saa ngapi?" kinyozi akauliza.

"Saba na nusu, mjomba." Waliitana hivyo, mjomba kwa mjomba, tangu mmoja wao alipoanza kusema.

"Wanafunga tisa. Na yeye alisema yuko njiani tangu lini?"

"Alfajiri."

"Njiani," kinyozi alisema. "Yule amekuwa njiani miaka ishirini na minane. Tumpe na saa moja na nusu."

Goti la kulia la Shingo lilikuwa linacheza lenyewe, juu chini, juu chini. Kinyozi akaliwekea kiganja, kama anavyowawekea wateja vichwani wakishindwa kutulia kitini.

"Kitendawili," akasema.

"Mjomba, si sasa."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nyumba yangu ina milango miwili, haina dirisha hata moja."

Shingo akafikiri. Milango miwili. Aliutazama mlango wa ofisi, kisha akacheka bila furaha. "Hiyo si ni mimi?"

"Nipe mji."

"Nikupe upi? Wa huku au wa kule?"

"Usiponipa mji, naondoka na jibu langu." Kinyozi akangoja, kisha akachoka yeye mwenyewe. "Pua! Ni pua, mjomba. Wewe siku hizi unajiona kila mahali. Si kila chenye milango miwili ni wewe."

Hata karani safari hii aliinama kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwapo.

Lakini ilikuwa kweli, alijiona kila mahali. Kwa upande wa mama aliwahi kuwekwa mara mbili kwenye orodha ya awali ya timu ya taifa, na mara mbili akakatwa. Redioni mtangazaji aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama huyu si wa kule. Kwenye mechi za ugenini watu walimpigia kelele, "Rudi kwa baba yako!" Naye alitamani kucheka, maana jukwaani, mstari wa tatu, alikuwa amekaa kinyozi na mkoba wake, anakula karanga. Alipokwenda upande wa baba kupimwa na daktari wa timu, mwandishi wa habari alimuuliza jambo kwa lugha yao, naye akamjibu salamu ya asubuhi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Waliirusha kwenye simu, nchi nzima ikamjua kwa salamu ile.

Klabu sita kwa miaka kumi. Mabao kumi na moja tu, maana kazi yake haikuwa kufunga. Mpira ulipita kwake ukienda kwa mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyekimbilia kona akivua fulana. Na sasa alikuwa na umri ambao makocha huanza kukutazama magoti kabla ya uso. Hapatakuwa na barua nyingine ya kumwita. Hilo alilijua kama anavyojua kwamba nyuma yake kuna mtu, hata kabla hajageuka.

Alitaka kwenda. Alitaka mpaka usingizi ulikuwa umemkimbia wiki nzima. Lakini dole gumba la mjomba wake liliposhuka kwenye karatasi, alihisi kama amenyang'anywa mpira kutoka nyuma na mtu ambaye hakumwona kabisa.

"Mjomba," akasema taratibu. "Tuache?"

"Tuache nini?"

"Haya yote. Twende zetu nyumbani."

"Nimeshakukana mbele ya serikali. Unataka nikasimame tena pale niseme nilikuwa natania?" Kinyozi akaivaa kofia yake, akaivua tena. "Kaa chini."

"Nimekaa, mjomba."

"Basi kaa vizuri."

Saa nane na dakika ishirini mlango ukafunguliwa. Mtu aliyeingia alikuwa mfupi kuliko Shingo alivyomkumbuka. Walikuwa wameonana mara nne tu maishani. Alikuwa fundi makochi, na alikuja na kazi yake mwilini: nyuzi za kitambaa kwenye suruali, vumbi la sponji kwenye nywele, na harufu ya gundi iliyoingia kabla yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Basi liliharibika mpakani. Nimepanda lori la vitunguu." Akamgeukia kinyozi, mikono yake haijui iende wapi. "Habari za hapa?"

"Umefika," kinyozi akasema. Salamu ikaishia hapo. Mara ya mwisho walisimama pande mbili za kaburi la mama, na hata siku ile kinyozi alipotaka kupishwa apite na koleo alimwambia mtu mwingine amwambie "yule" asogee.

Karani alikuwa ameshavaa miwani. "Kitambulisho. Sawa. Dole gumba la kushoto. Bonyeza hapa, kisha hapa."

Fundi akabonyeza. Karani akainua fomu hiyo ya kukiri kwenye mwanga. "Hili ni doa," akasema.

"Doa?"

"Doa. Halina mistari. Nikilipeleka hili litarudishwa kesho hiyo hiyo." Akaikunja fomu, akatoa nyingine. "Zimebaki mbili. Bonyeza polepole."

Akabonyeza polepole. Likatoka doa jingine, la mviringo, jeusi, lililokolea kama kifungo cha koti.

"Ni gundi," fundi akasema, na sauti yake ikapungua. "Mkono huu ndio unaoshika sponji, wa kulia unapaka. Miaka thelathini na mitano. Haitoki hata kwa mafuta ya taa. Chukua cha kulia, mama."

"Sheria inataka kushoto."

"Cha pembeni, basi."

"Mzee, hapa hatuchagui vidole kama ndizi sokoni. Fomu imebaki moja, na ufunguo wa stoo ameondoka nao bosi."

Simu ya Shingo ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Hakuitazama. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, bila kujua alisimama lini. Saa ya ukutani ilisema nane na dakika thelathini na tano. Alitafuta njia, kama anavyotafuta uwanjani, huku hapana, kule hapana, nyuma hapana. Kila mahali palikuwa pamezibwa.

Nyuma yake benchi likalia.

Kinyozi alikuwa amefungua mkoba. Akatoa kikopo cha sabuni, brashi, na wembe mpya kwenye karatasi yake. Akauvunja wembe katikati kwa vidole viwili, *ta*, kama avunjavyo kila siku, akakichomeka kipande kimoja kwenye mpini. Kisha akavuta kiti mbele ya fundi makochi, akakaa, akanyoosha kiganja.

"Lete mkono, shemeji."

Neno lile lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Shingo alilisikia, akiogopa kwamba akisogea litarudi lilikotoka.

"Hapa ni ofisi ya serikali!" karani akasema.

"Nami namnyoa raia kidole, mama. Kuna sheria inayokataza?"

Karani akafikiri. Akasogeza kikombe chake cha maji mpaka ukingoni mwa meza.

Kinyozi akalowesha brashi, akalipaka povu lile dole gumba kama shavu la bwana harusi. Akaanza. Wembe ulikwenda kidogo kidogo, umelala, hausikiki. Magamba membamba ya manjano yakaanza kudondoka juu ya fomu zilizoharibika. Chini ya gamba kulikuwa na gamba, na chini ya hilo jingine. Ya juu kabisa labda ni ya wiki iliyopita, na ya chini labda ni ya miaka ile Shingo alipokuwa akicheza pekupeku. Mkono wa fundi ukaanza kutetemeka.

"Usitetemeke. Nitakukata."

"Una haki ya kunikata."

"Najua," kinyozi akasema, bila kuinua macho. "Tulia."

Fundi akatulia. Karibu na kucha damu ilichungulia, tone dogo, kinyozi akaikandamiza kwa kitambaa chake mwenyewe. Akapuliza sabuni. Akaligeuza dole kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyomgeuza mteja atazame kisogo chake kwenye kioo, akalishika hivyo hivyo, mkono wake juu ya mkono wa mwenzake, akalipeleka kwenye wino na kutoka kwenye wino mpaka kwenye karatasi.

Mistari ikatoka. Ilikuwa hafifu, laini kama ya mtoto mchanga, ikizungukana pamoja.

"Hiki sasa ni kidole," karani akasema, na sauti yake haikuwa kavu tena.

Akaligeuza lile daftari kubwa likamwelekea Shingo. Akamwekea rula na kalamu. "Kazi iliyobaki ni ya mwombaji. Mstari mmoja kwa rula juu ya jina la zamani. Usichorechore, usiweke doa. Jina lazima lisomeke chini ya mstari, ndiyo sheria. Hapa hatumfuti mtu. Juu yake utaandika jipya, pembeni utatia sahihi."

Shingo akainama. Jina la mjomba wake lilikuwa pale, kwa mwandiko wa mtu ambaye labda naye amekufa, herufi ya kwanza ina mkia mrefu wa madaha. Rula iliteleza kwa jasho la kiganja. Akaipangusa kwenye suruali, akaiweka tena. Kalamu ikasimama kwenye mkia wa ile herufi na haikutaka kwenda. Akatazama bega la kulia. Kinyozi alikuwa anapangusa wembe uliokwisha takata zamani. Akatazama la kushoto. Fundi alikuwa ameliinua dole gumba hewani, mbali na nguo, kama amekabidhiwa kitu cha watu.

"Piga, mjomba," kinyozi akasema. "Ila usinipinde."

Akapiga. Mstari ulikwenda moja kwa moja, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na mkono wake haukuondoka mpaka ulipofika. Akaandika jina la baba yake juu, kwa herufi kubwa, kama mtoto wa shule. Akatia sahihi. Kisha akashika jalada ili afunge, upesi, maana saa ilikuwa nane na dakika hamsini na mbili na nakala ya cheti ilikuwa bado haijapigwa.

"Usifunge!" karani akamshika mkono. "Ukifunga sasa, wino utahamia ukurasa wa pili, kwa mtoto wa watu. Ngoja ukauke."

"Utakauka saa ngapi, mama?"

"Wino huu? Wenyewe ndio unaojua."

Fundi makochi akasogea mezani. Kinyozi naye akaja, kofia mkononi, akasimama upande wa pili, na vichwa vinne vikainama juu ya ukurasa mmoja. Hakuna aliyepuliza. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeuangukia mstari ule, nao ulikuwa bado unang'aa, mweusi, umelowa, na chini yake lile jina lilisomeka lote.