Gitaa la Nyuzi Baada ya Kiharusi

Kishindo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu, redio ilipotangaza santuri ya mwisho ya marehemu Nyuzi, yule mpiga gitaa ambaye kila kijana wa jazi alijaribu kumwiga. Muziki ulipoanza, Kishindo akainuka ghafla.

"Mzee, tulia, nitakukata!" kinyozi akalalamika.

"Huyo si Nyuzi."

Nani angejua kuliko yeye? Alimpigia Nyuzi ngoma tangu wote wawili hawajaota ndevu. Na alijua kiharusi kilivyomkamata mkono wa kushoto. Aliwahi kumwona akishindwa na kifungo cha shati. Baada ya hapo, kila alipokwenda kumjulia hali, mlangoni aliambiwa mgonjwa amelala. Asubuhi amelala, jioni amelala. Mtu au popo? Sasa akaona ameng'amua. Nyuzi alikuwa na mwana, naye mpiga gitaa, ila nyota yake haikuwahi kung'aa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini huyu kajivika na ngozi ya baba yake!

Akafuta povu, akatoka vilevile.

Mjane ndiye aliyemfungulia. "Shemeji! Mbona ndevu upande mmoja?"

"Mambo ya upande mmoja yamo humu ndani. Mwanao yuko wapi?"

Mwana alitoka chumba cha nyuma, akaufunga mlango haraka. Kishindo hakukosa kuliona hilo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nani kapiga lile gitaa la redioni?"

Mwana akamtazama mama yake. Mama akatazama sakafu.

"Baba," akajibu.

"Kwa mkono gani? Haya, lete gitaa, upige wimbo ule ule hapa mbele yangu."

"Siwezi, baba mdogo."

"Huwezi au hutaki nikutambue?"

Mjane akashusha pumzi. "Mwonyeshe tu, mwanangu. Tumechoka kuficha."

Chumba cha nyuma kilikuwa na magodoro yaliyoegemezwa madirishani na mashine ya kurekodia juu ya meza ya kulia chakula. Mwana akaiwasha kanda. Kwanza kikohozi. Kisha gitaa, sauti mbili tatu, likakwama. "Rudia," akasema Nyuzi. Likakwama tena. Likafuata tusi, tusi lile lile alilomrushia Kishindo kila alipokimbiza mdundo.

"Vidole viwili tu ndivyo vilivyomtii," mwana akasema. "Tulirekodi vipande, tukaviunga. Wimbo mmoja uliweza kumaliza msimu wa mvua."

Kishindo akainama karibu na mashine. Ndani ya kanda mlango ukagongwa, na kwa mbali akaisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza hali ya mgonjwa. Nyuzi akanong'ona karibu kabisa na kipaza sauti: "Mwambieni nimelala. Akiniona hivi atanipunguzia mwendo. Sitaki ngoma ya huruma."

Mwana akaizima mashine.

"Mpumbavu!" Kishindo akafoka, macho yamejaa maji. "Shemeji, na wewe ukamkubalia?"

"Ningefanyaje? Ulimjua jukwaani. Mimi nilimjua alipokuwa akilia kitandani." Akamtazama. "Sema kweli, usingempunguzia?"

Kishindo akafuta macho. Alimgeukia mwana. "Nilikuja kukuita mwizi."

"Najua. Tangu santuri itoke, mtaani ndivyo wanavyoniita."

Hilo lilimuuma kuliko tusi la kwenye kanda. Kesho yake alikwenda redioni, akaeleza hewani kwamba gitaa lile ni la Nyuzi mwenyewe, amelisikia likipigwa na likikosewa, na mwenye shaka amtafute yeye. Mtangazaji akafurahi, kisha akauliza mbona santuri yote haina ngoma, ilhali mpiga ngoma wake yu hai.

"Hakunialika," Kishindo akasema. Akainuka kitini kabla ya swali jingine, na mtangazaji akalazimika kuweka muziki.