Imerudi Mikononi Mwangu

Mpiga chapa wa barua za Kiingereza, nje ya ofisi ya usuluhishi, aliitwa Profesa, ingawa Kiingereza chake alifundishwa na mabosi watatu waliomfukuza kazi. Hakuna mteja aliyeketi pale bila kutaniwa kwanza.

"Mama, leo tunamshitaki nani? Mimi niache, hata kiti hiki nimeazima."

Mama aliyevaa nguo nyeusi hakucheka. Cherehani yake alikuwa amempa bintiye ashonee. Binti akafa, na siku ya tatu baada ya mazishi mkwe akaibeba. Sasa ofisi ilikuwa imembana mkwe huyo, naye akakubali kuirudisha kesho yake asubuhi. Ofisi ilitaka barua ya mama tu, kwa Kiingereza, kwamba imerudi, ifunge faili.

"Miaka tisa nimelala nikiisikia ikilia chumba cha pili," alisema mama. "Nataka niisikie tena. Basi."

"Utaisikia. Sasa sikiliza. 'Imerudi mikononi mwangu', kwa Kiingereza cha barua, ina miguu mitatu kama kigoda: kitu kilikuwa chako, kikakutoka, kikarudi. Ukikosa mguu mmoja, chali!"

"Lakini haijarudi, mwanangu."

"Kesho si itakuwa imerudi? Na magoti hayo, uje mara mbili ya nini? Tia sahihi, nitakupelekea mwenyewe dirishani kwa karani."

Ndivyo alivyofanya kazi siku zote, barua ikitangulia jambo, na watu walimpenda kwa hilo.

Kesho yake mchana mama alirudi, akagoma kuketi.

"Ameleta meza na pedali. Kichwa hakuna. Anasema alishakiuza."

Profesa aliinuka mbio mpaka dirishani. Karani akamfungulia faili bila haraka.

"Mama amekiri cherehani imerudi, kaka. Mkwe alikuja asubuhi na mapema, akachukua nakala yake. Tumefunga. Tena umeiandika vizuri, haina hata pa kushika."

Maisha yalikuwa yamemzaba vibao vingi, na kila kimoja alikitafutia kichekesho. Hiki hakukipatia kichekesho. Alirudi akasimama mbele ya mama kama aliyevunja chombo cha watu.

"Ni mimi, mama. Mguu wa tatu nimeutia kwa mdomo."

Mama akavuta kiti, akaketi.

"Andika nyingine."

"Haitafungua faili."

"Nimekuuliza faili? Andika kilichorudi."

Akapiga chapa taratibu, kisha akamsomea kwa Kiswahili, kama alivyowasomea wote: "Meza na pedali vimerudi mikononi mwangu. Kichwa cha cherehani hakijarudi."

"Ongeza," mama alisema. "Na mwanangu hajarudi."

Profesa alijua hakuna dirisha litakalopokea karatasi hiyo. Akairudisha kwenye mashine ya chapa, akasawazisha pembe zake, akaandika.