Yowe la Egidio

"We hesabu tu, mzee wangu," alisema Corsetti, msaidizi wa mwongozaji. "Moja mpaka kumi na mbili, kisha uanguke."

"Na maneno yangu je? Nimeyakariri wiki nzima!"

"Maneno yatatiwa baadaye."

Egidio alimkazia macho. Yatatiwa na nani? Alikuwa amesimama ndani ya nyambizi ya mbao, pembezoni mwa Roma, amevaa sare ya mlinzi wa mwovu, bastola ya mpira kiunoni. Mbele yake jasusi shujaa, Mjerumani aliyejifanya Mwingereza, alifoka Kijerumani, na mrembo wake akamjibu Kihispania. Hakuna aliyejali. Hii ilikuwa filamu yake ya tisa ya majasusi. Katika nane za kwanza alikufa kimya. Safari hii alikuwa amepewa sentensi nne.

Akaufuata kwa macho waya wa kipaza sauti, ukuta hadi ukuta. Lo! Haukuchomekwa popote.

"Corsetti, usinifanye mtoto. Sauti yangu itaingia, haitaingia?"

"Itaingia, itaingia! Mbona una wasiwasi hivyo?"

Ile "itaingia" ya pili ndiyo iliyomtia shaka zaidi.

Lau ingekuwa yeye peke yake, angenyamaza. Lakini dada yake Nunziata, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa amepofuka miaka sita sasa. Kule kwao milimani Abruzzo alishawatangazia watu wote kwamba filamu hii ataiendea, maana mdogo wake anazungumza.

Wiki tatu baadaye Egidio alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha kutia sauti. Msimamizi, Bi Wanda Spighi, alimsikiliza huku akivuta sigara, kisha akacheka.

"Nafasi yako ameshapewa mwingine, baba. Lafudhi hiyo! Mwovu gani duniani analindwa na mchunga kondoo?"

"Basi nipe yowe. Lile la kuanguka tu."

"Yowe? La nini?"

"Dada yangu haoni. Atanisikia wapi tena?"

Bi Wanda aliizima sigara. "Haya, piga."

Egidio akafumba macho, akajikumbuka ana miaka saba, anaporomoka kutoka paa la zizi, na Nunziata chini amenyoosha mikono. Akapiga yowe. Fundi wa sauti akavua vidude vya masikioni.

"Tutalitumia," alisema Bi Wanda, upesi mno kwa maoni ya Egidio. Mlangoni akaona rafuni kopo la mkanda, limeandikwa kwa wino mwekundu: MAYOWE. Kama wana kopo zima, langu la nini?

Filamu ilifika kwenye sinema ya parokia ya kwao milimani Jumapili moja mchana. Nunziata alivaa gauni lake la Pasaka. Nyuma yao mke wa mwoka mikate alisema, bila hata kunong'ona, "Haya, tumsikie huyo msemaji."

Kwenye pazia la sinema, Egidio alifungua kinywa. Ikatoka sauti nene, nzuri, ya mtu asiyemjua.

"Ni wewe?" Nunziata aliuliza.

"Bado, dada."

Sentensi ya pili ikapita. Ya tatu. Ya nne. "Bado?" Nunziata aliuliza tena, na safari hii Egidio akazidi kuzama kitini. Kwenye pazia, mlinzi alirudi nyuma, akagonga ukingo, akapinduka.

Yowe likajaa ukumbini.

Egidio alilisikiliza lote na bado hakulitambua. Maskini, hakuwahi kujisikia akipiga yowe. Lingeweza kuwa lake, lingeweza kuwa la kopo. Watu walicheka. Akageuka kumtazama dada yake.

Nunziata alikuwa ameshasimama, mkoba umemwanguka, mikono yote miwili ameinyoosha mbele gizani, viganja juu.